Kutoka Mbelekoni Hadi Uwanja wa Gwaride: Chemchemi ya Ubunifu Iko Wapi?

Siku ya gwaride, bendera inapopandishwa, askari husimama wima na mikono hupanda kwenye paji la uso. Hata mwananchi apitaye njia na kapu lake la sokoni hutua mzigo, akanyamaza. Bendi hupiga wimbo wa taifa. Na pasipo bendi, watu huimba kwa vinywa vyao. Jambo hilo halichukui hata dakika mbili. Kisha amri hutolewa, watu hutawanyika, na kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake.

Wakati huohuo, hatua chache kutoka uwanjani, katika nyumba za familia, yupo mama aliyemfunga mwanawe mgongoni kwa mbeleko. Mtoto analia kwa usingizi. Mama anatwanga, au anafua, au anachochea moto, na huku anaimba polepole wimbo ambao hakuusoma kitabuni. Aliusikia kwa mama yake, naye mama yake aliusikia kwa bibi. Hakuna ampigiaye saluti mama huyo, wala mwenyewe hadhani kwamba anafanya jambo kubwa. Anataka mtoto alale tu, apate kumaliza kazi.

Mambo hayo mawili, gwaride na mbeleko, yanaonekana kuwa mbalimbali kama mbingu na ardhi. Lakini katika nchi jirani ya Kenya ni jambo moja. Wimbo ambao askari wa Kenya huupigia saluti ulianza mgongoni mwa mama. Habari hiyo inafaa kusimuliwa kwa kirefu, maana ndani yake limo jibu la swali ambalo watu wamejiuliza tangu zamani: ubunifu wa mwanadamu hutoka wapi? Je, ni karama ya watu wachache waliochaguliwa, au ni mali ambayo kila nyumba inaweza kuiweka akiba?

WIMBO WA AKINA MAMA WA MTO TANA

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Huanzia katika nyanda za juu za katikati ya nchi, ukapita katika nchi kavu ya mashariki, na mwishowe ukamwagika katika Bahari ya Hindi. Sehemu za chini za mto huo wanakaa Wapokomo. Hao ni wakulima na wavuvi. Mto unapofurika huacha rutuba pande zote mbili, nao hupanda mpunga, ndizi na miembe. Si kabila kubwa kwa hesabu ya watu, wala si watu ambao habari zao hujaza magazeti. Akina mama wa Kipokomo, kama akina mama wa kila mahali, wana nyimbo zao za kubembelezea watoto.

Mwaka 1963 Kenya ilikuwa ikijitayarisha kwa Uhuru. Bendera ilihitajika, na wimbo wa taifa ulihitajika. Iliundwa kamati ya wanamuziki watano: Graham Hyslop, aliyekuwa mshauri wa serikali katika mambo ya muziki, George Senoga-Zake, mwalimu wa muziki na mzaliwa wa Uganda, kasisi Thomas Kalume, Peter Kibukosya, na Washington Omondi. Kazi waliyopewa ilikuwa ngumu. Wimbo ulitakiwa uwe na heshima sawa na nyimbo za mataifa mengine, lakini wakati huohuo utokane na asili ya watu wa Kenya wenyewe.

Msomaji na afikiri kidogo jinsi watu wengine wangefanya kazi hiyo. Pengine wangetafuta wimbo wa vita, wenye ngoma kubwa na vishindo. Au wangeketi mezani na kalamu, wakangoja sauti mpya kabisa iwateremkie kutoka hewani. Wanamuziki hao hawakufanya hivyo. Walichukua sauti ambayo tayari ilikuwa midomoni mwa watu, nayo ilikuwa sauti ya wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Wakaitengeneza, wakaipa mwendo wa taratibu na wa heshima, wakaipangia sauti za juu na za chini ili iimbwe na wengi na kupigwa na bendi. Kisha wakaitungia maneno kwa lugha ya Kiswahili, maneno ya dua ya kuliombea taifa zima.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Kenya ilipopandishwa mjini Nairobi, sauti hiyo ndiyo iliyokuwa wimbo wa taifa huru. Mtu akiisikiliza vema hata leo, atasikia kwamba haina makelele. Ina upole na majonzi kidogo, kama sauti ya mtu anayemtuliza mpendwa wake gizani. Huo ndio upole wa mbelekoni. Waliobadilika ni waimbaji na mahali pa kuimbia.

Je, nani aliyeutunga wimbo huo? Wanamuziki watano wanastahili heshima yao, maana bila ustadi wao sauti ile ingebaki kando ya mto. Lakini nyuma yao wamesimama akina mama ambao idadi yao haijulikani. Kila mmoja aliipokea sauti hiyo, akaitunza, akamwimbia mwanawe, asiiache ikafa. Laiti kizazi kimoja tu cha akina mama hao kingaliona haya kuimba kwa lugha yao, kamati isingalikuta kitu.

ILHAMU NI NINI?

Watu wa kale walipoona jinsi wazo jema linavyomjia mtu kwa ghafula, walidhani kwamba linatoka nje yake. Wayunani wa zamani walisema kwamba wako mabinti tisa wa mungu wao mkuu, nao ndio wanaowanong'oneza washairi na waimbaji. Watunzi wa tenzi wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa upande wao, waliweka desturi ya kuanza kila utenzi kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu na kumwomba msaada, kabla hawajagusa habari yenyewe wanayotaka kuisimulia. Neno ilhamu lenyewe, ambalo Kiswahili kimelipata kutoka Kiarabu, lina maana ya jambo linalotiwa moyoni mwa mtu.

Hakuna sababu ya kuwacheka wazee hao. Walilitambua jambo la kweli, kwamba wazo jema haliji kwa amri. Mtu hawezi kuliamuru, kama ofisa anavyoamuru kikosi, "Mbele tembea!" nalo likatembea. Lakini katika hadithi ile ya Wayunani limo jambo jingine ambalo mara nyingi husahauliwa. Mabinti wale tisa walikuwa na mama, na jina la mama yao lilikuwa Kumbukumbu. Yaani, hata watu walioamini kwamba ilhamu inatoka kwa miungu walisema kwamba mama mzazi wa ilhamu ni mambo ambayo mtu ameyaweka moyoni.

Wataalamu wa nyakati za karibu wamelichunguza jambo hilo kwa njia yao. Mwaka 1926 Mwingereza aitwaye Graham Wallas alitoa kitabu juu ya ufundi wa kufikiri, akaeleza kwamba wazo jipya hupitia hatua nne.

Hatua ya kwanza ni maandalizi. Mtu hujifunza, hukusanya, hujaribu, hushindwa, hujaribu tena. Hatua ya pili yafanana na kuatamia. Kama vile kuku anavyoyakalia mayai yake, wala hakuna anachokiona mpita njia ila kuku aliyekaa kimya, ndivyo akili inavyolikalia jambo wakati mwenyewe anapumzika au anafanya kazi nyingine. Hatua ya tatu ni kuangaziwa, pale wazo linapotokea ghafula kama mwanga. Hatua ya nne ni kuhakikisha, maana si kila kifaranga hutoka mzima. Wazo lazima lipimwe, lirekebishwe, na likamilishwe kwa kazi.

Mfano mmoja maarufu ni wa Mfaransa Henri Poincaré, bingwa wa hesabu. Alieleza mwenyewe jinsi alivyohangaika na swali gumu la hesabu, kisha akaenda safari akalisahau. Siku moja safarini, alipoinua mguu kukanyaga ngazi ya gari la abiria, jibu likamjia palepale, wala hakuwa akilifikiria. Akapanda gari, akaendelea na mazungumzo yake. Aliporudi nyumbani kwake Caen, alikaa akalihakikisha jibu lile kwa utulivu.

Watu wengi husikia habari kama hiyo wakashika sehemu ya ngazi tu. Hudhani kwamba ukipanda magari mengi utakuwa bingwa wa hesabu. Lakini abiria wengi walikanyaga ngazi ya namna ileile, nao hawakupata ila safari. Jibu lilimjia yule aliyekuwa amelihangaikia. Wahenga walikwisha sema: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

USIKU MMOJA NA MIAKA MINGI

Hapa Uganda mfano upo karibu zaidi. Wimbo wa taifa ulioimbwa nchi ilipopata Uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 ulitungwa na George Wilberforce Kakoma. Husimuliwa mara nyingi kwamba aliutunga kwa usiku mmoja tu, siku za Uhuru zilipokuwa zimekaribia. Watu huisimulia habari hiyo kwa mshangao, kana kwamba usiku ule ndio uliotenda kazi.

Lakini Kakoma alizaliwa mwaka 1923. Mwaka wa Uhuru alikuwa mtu mzima wa karibu miaka 40, na muziki ulikuwa ndiyo elimu yake aliyoisomea hata Uingereza. Kwa hiyo, ikiwa wimbo uliandikwa kwa usiku mmoja, usiku huo ulikuwa umetanguliwa na miaka mingi ya kusikiliza, kujifunza na kufanya mazoezi. Askari anaelewa jambo hili kuliko watu wengine. Kulenga shabaha huchukua nukta moja, na mtazamaji huona nukta hiyo tu. Mwenye bunduki anajua ni asubuhi ngapi alizolala chini kifudifudi katika uwanja wa mafunzo, kabla nukta hiyo haijafika.

Tena wimbo huo ni mfupi sana. Mtoto wa darasa la kwanza huweza kuushika. Wako wadhanio kwamba kitu kifupi ni kazi nyepesi. Mwalimu yeyote aliyewahi kueleza somo gumu kwa maneno machache, mbele ya watoto wadogo, anajua kwamba kupunguza ni kazi kubwa kuliko kuongeza.

MWALIMU NA DAFTARI LILILOPOTEA

Habari ya tatu inatoka kusini mwa Afrika. Mwaka 1897 kijana mmoja, Enoch Sontonga, alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Hakuwa mtu mashuhuri. Alikuwa mwalimu wa kawaida, aliyetunga nyimbo ili wanafunzi wake wapate cha kuimba. Mwaka huo alitunga wimbo mmoja wa dua, wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Maneno yake yalikuwa ya lugha ya Kixhosa, na sauti yake ilichanganya mtindo wa nyimbo za kanisani na mwendo wa uimbaji wa Kiafrika.

Wimbo ulisikika hadharani mwaka 1899. Sontonga alifariki mwaka 1905, angali kijana, asijue wimbo wake utafika wapi. Mwaka 1912 uliimbwa mjini Bloemfontein, katika mkutano wa kuanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliuimba ukanaswa katika sahani ya santuri mjini London. Mshairi Mqhayi aliongeza beti saba, zilizochapishwa mwaka 1927. Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, iliichukua sauti hiyo na kuiimba kwa Kiswahili, na ndiyo wimbo wa taifa wa Tanzania hadi leo. Zambia iliichukua mwaka 1964, baadaye ikaitungia maneno yake yenyewe. Afrika Kusini nayo iliikubali rasmi mwaka 1994, ubaguzi ulipokwisha, na mwaka 1997 ikaiunganisha na sehemu ya wimbo mwingine. Mwaka 1996 kaburi la mwalimu yule lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Basi, sauti moja iliyotungwa kwa ajili ya watoto wa shule imesimamisha majeshi ya nchi kadhaa.

Lakini iko sehemu ya habari hiyo inayotia uchungu. Sontonga hakutunga wimbo mmoja tu. Alitunga nyingi, akaziandika katika daftari. Inaelezwa kwamba daftari hilo liliazimwa na jamaa, lisionekane tena. Ulimwengu unaimba wimbo mmoja wa mtu aliyekuwa na wingi wa nyimbo. Hazikupotea kwa vita wala kwa moto. Zilipotea kwa namna ambayo vitu hupotea katika kila nyumba: mtu aliazima, mtu akaweka mahali, mtu akasahau.

Msomaji aliye nyumbani na aangalie rafu yake. Pengine liko daftari la baba aliyestaafu, lenye mashairi au nyimbo za safari alizoziandika akiwa lindoni mbali na kwao. Pengine yuko bibi ambaye anajua hadithi thelathini, na hakuna hata moja iliyoandikwa. Daftari la namna hiyo likifungiwa vitumbua, au bibi akizikwa na hadithi zake, hakuna taarifa itakayotolewa, wala bendera haitashushwa nusu mlingoti. Hasara itakuwa imekwisha kupita kimyakimya.

ASKARI NAO NI WABUNIFU

Wako watu wasemao kwamba nidhamu ya kijeshi na ubunifu haviwezi kukaa chumba kimoja. Husema kwamba mtu aliyezoea amri hawezi kubuni. Historia ya Afrika Mashariki inawakanusha.

Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani kama Mombasa na Lamu, watu waliona bendi za wazungu, sare zao, vyeo vyao na mwendo wao wa gwaride. Hawakuishia kutazama. Walivichukua vitu hivyo wakavifanya ngoma, wakaiita beni, jina lililotokana na neno bendi. Chama cha beni kilikuwa na wakuu wenye vyeo vya kijeshi, kilikuwa na mavazi yake, na kilishindana na chama kingine kwa mapambo, kwa nyimbo na kwa mwendo. Vyama viwili vilivyovuma sana katika Tanganyika viliitwa Marini na Arinoti.

Ilipotokea vita vya 1914 hadi 1918, askari na wapagazi wengi walikusanywa kutoka pande zote wakachanganyika. Walibeba bunduki na mizigo, lakini walibeba na beni pia. Vita vilipokwisha, waliirudisha vijijini kwao, ikaenea mbali na pwani ilikoanzia. Watu walioishi kwa amri mchana, jioni walizigeuza amri zilezile zikawa mchezo, na ndani ya mchezo huo walitunga nyimbo za kusifu, za kudhihaki na za kukumbuka waliokufa.

Katika Kenya wimbo wa mtoto ulikwenda gwarideni. Katika beni gwaride lilikwenda kwenye uwanja wa ngoma. Katika habari zote mbili hakuna aliyeumba kitu kutoka katika utupu. Kila mmoja alichukua kilichokuwapo, akakitazama kwa jicho jipya, akakiweka mahali ambapo hakikuwahi kukaa. Hiyo ndiyo maana ya ubunifu. Kuumba pasipo na kitu ni kazi ya Mungu peke yake. Kazi ya mwanadamu ni kuunganisha, na hawezi kuunganisha asichokuwa nacho.

AKIBA YA NYUMBANI

Kama hivyo ndivyo, basi swali la ubunifu si la mabingwa pekee. Linaingia jikoni, chumbani na barazani. Linahusu familia za askari hasa, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni uhamisho. Askari hukaa hapa miaka miwili, kisha hupelekwa kwingine, na mke na watoto humfuata. Mtoto aliyezaliwa kaskazini hujikuta akisoma magharibi, na majirani zake ni watu wa lugha sita au saba. Wazazi wengi huona hiyo kuwa taabu tupu. Kwa hakika taabu ipo. Lakini mtoto wa kambini amepewa utajiri ambao mtoto wa kijiji kimoja hana. Katika ukuta mmoja anasikia wimbo wa Kiacholi, katika ukuta wa pili hadithi ya Kiganda, na uwanjani anaitana na wenzake kwa Kiswahili. Akiba yake ya kuunganisha ni kubwa.

Sababu ya pili inatokana na hiyo ya kwanza. Kwa kuwa majirani ni wa lugha mbalimbali, mama huona haya. Huogopa kwamba akiimba wimbo wa kwao atachekwa, au ataitwa mshamba. Basi hunyamaza, akamwachia mtoto redio, au siku hizi simu ya mkononi, imbembeleze. Redio na simu si vitu vibaya. Zina elimu na habari. Lakini wimbo wa simu humfikia kila mtoto duniani kwa namna ileile. Wimbo wa bibi yake haumfikii mtoto huyo kwa njia nyingine yoyote, ila kwa kinywa cha mama. Mama akinyamaza, mlango umefungwa. Mwacha asili ni mtumwa.

Yako mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya, nayo hayahitaji fedha.

Kwanza, mama na amwimbie mtoto kwa lugha ya kwao bila haya, na baba pia asijitenge. Askari arudiye kutoka zamu, akavua buti, akampakata mwanawe na kumwimbia, hapunguzi cheo chake hata kidogo. Mtoto atazikumbuka dakika kumi hizo baba akiwa mbali.

Pili, jioni irudishiwe kazi yake. Baada ya chakula, kabla ya kulala, pawe na vitendawili na hadithi. Kitendawili ni mazoezi ya akili yasiyo na mfano. Mtoto anayeambiwa, "Nyumba yangu haina mlango," akafikiri, akakosa, akafikiri tena, mpaka akaliona yai, amejifunza kuvitazama vitu viwili vilivyo mbali na kuona kinachoviunganisha. Ndiyo kazi aliyoifanya mtunzi wa beni na ndiyo kazi aliyoifanya mwenye hesabu.

Tatu, mtoto anayeuliza sana na anayetengeneza vitu asikemewe kila mara. Mvulana akitengeneza gari kwa waya na vifuniko vya chupa, au msichana akifinyanga vyungu vya udongo nyuma ya nyumba, mzazi aone kwamba hapo pana maandalizi ya jambo asilolijua bado. Bila shaka mtoto lazima afundishwe adabu, asichukue waya wa uzio wala kisu cha jikoni bila ruhusa. Lakini kumfunza mpaka wa mchezo ni jambo moja, na kuua mchezo wenyewe ni jambo jingine. Samaki mkunje angali mbichi, ila usimkunje mpaka akavunjika.

Nne, kila nyumba iwe na daftari moja la kumbukumbu. Ziandikwe humo nyimbo, hadithi, methali na majina ya mababu, pamoja na mahali na mwaka zilipopatikana. Mtoto aliye shuleni anaweza kuwa karani wa bibi yake. Atajifunza mwandiko na atajifunza asili yake kwa pamoja. Na daftari hilo lisiazimwe ovyo. Habari ya mwalimu Sontonga ni onyo la kutosha.

Tano, mtu mzima naye asijihukumu kwamba wakati wake umepita. Wako maaskari wasemao, "Sisi hatuna kipaji," kana kwamba kipaji ni cheo kinachoshushwa kutoka makao makuu. Kipaji ni kama shamba. Yako mashamba yenye rutuba zaidi na yako yenye mawe, lakini hakuna shamba litoalo mavuno bila jembe, wala shamba lisilotoa kitu kabisa likilimwa kwa bidii. Anayetaka kutunga na aandike kidogo kila siku baada ya zamu. Akikwama, alale, akili itaendelea kuatamia. Asubuhi aliangalie tena alilolifanya, akate lisilofaa, abakize lifaalo. Haba na haba hujaza kibaba.

Kamati ya mwaka 1963 ilipokuwa ikitafuta wimbo wa taifa la Kenya, yamkini mama mmoja wa Kipokomo alikuwa kando ya mto akimwimbia mwanawe, kama alivyofanya siku zote. Hakujua kwamba serikali ilikuwa ikitafuta wimbo. Hakuimba ili asifiwe, wala hakufikiri juu ya taifa. Aliimba kwa sababu mtoto alilia, na kwa sababu mama yake naye alimwimbia. Kwa kufanya hivyo tu, alikuwa ameweka akiba ambayo siku moja nchi nzima ilikuja kuitoa.

Gwaride lijalo, bendi itakapopiga na askari watakaposimama wima, kutakuwa na mtoto mgongoni mwa mtu, akisikiliza. Anachokisikia leo ndicho atakachokuwa nacho kesho. Kwa hiyo mama wa kambini asinyamaze.